Kapu la Krismasi limekwama njiani: nitume hela ya usafiri au niache?

Mvuvi Nchikavu: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Kirumba. Kuna jamaa wanauza kapu la sikukuu kwenye magrupu ya WhatsApp: mchele kilo 20, mafuta lita 5, sukari kilo 5 na kuku wawili, vyote elfu 60. Nimelipia tangu mwezi wa kumi na moja. Mzigo ulikuwa ufike wiki iliyopita, sasa wanasema lori limekwama njiani, inatakiwa laki na themanini ya usafiri na ushuru ndipo lishushe. Hela hiyo wanairudisha siku ya kuchukua mzigo. Nitume? Mwisho ni kesho saa sita mchana. Matusi hapana tafadhali.

Sato wa Foili: Umepigwa na kitu kizito. Pole. Uzi ufungwe.

Bi Mkubwa Igoma: Mwanangu, mchele kilo 20 na kuku wawili kwa elfu 60? Mchele peke yake unaimaliza hiyo hela na deni juu. Vijana mnapenda sana mteremko. Sisi mchele tulikuwa tunaanza kununua mwezi wa sita, kidogo kidogo, Desemba ikifika unamwangalia mwenye duka unacheka. Kuku nao unafuga. Mke unaye? Anafanya nini hapo nyumbani?

Kiti cha Dirishani: Sikukuu ndiyo msimu wao hawa. Mwaka juzi nilikata tiketi ya kwenda Moshi pale stendi ya Nyegezi, kwa kijana kavaa sare ya kampuni na beji kifuani. Akaniandikia tiketi kwa kalamu, akaipiga muhuri, akaupuliza muhuri ukauke. Asubuhi naingia kwenye basi nakuta siti yangu ina mtu, na nyuma yangu yupo mwingine na tiketi ya siti hiyo hiyo, mwandiko ule ule. Kondakta anatuuliza sisi wote, "mmekata kwa nani?" Ofisini hakuna anayemjua kijana. Nilisafiri nimekaa juu ya kreti la soda mpaka Singida.

Sato wa Foili: Mkuu, mwenzako anaulizia lori.

Kiti cha Dirishani: Naelekea huko.

Hesabu Kali: Mleta uzi, ngoja. Kapu la elfu 60 unaliongezea usafiri wa laki na themanini? Mtu mwenye kapu moja hafungui uzi, anasusa tu. Umelipia makapu mangapi?

Mvuvi Nchikavu: Siyo moja.

Hesabu Kali: Mangapi?

Mvuvi Nchikavu: Ishirini. Ila si yangu yote. Kuna akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni, na majirani zangu. Walinipa hela mimi nikawalipie, jamaa wananiachia elfu 5 kwa kila kapu, ya vocha. Kabla hamjaanza: sikumlazimisha mtu. Na kapu la kwanza lilikuja kweli, mwezi wa kumi, limejaa. Watu walikuja kulipiga picha sebuleni kwangu.

Sato wa Foili: Yaani wewe ndiye wakala wao! Halafu juu umeandika "nimelipia" kama mnyonge.

Bi Mkubwa Igoma: Mayo wee! Hela za wauza dagaa? Unajua mtu anageuza dagaa juani siku nzima apate shilingi ngapi? Mungu anakuona.

Hesabu Kali: Hilo kapu la kwanza ndilo chambo, na wewe na jina lako la uvuvi ulipaswa kulijua. Walitoa mchele wa mtu mmoja wakapata wa watu ishirini. Sasa wanataka laki na themanini. Ukituma, keshokutwa kuna faini ya mizani, halafu "mkaguzi" anakupigia.

Mvuvi Nchikavu: Nyie mnaongea kirahisi. Nikiacha, milioni moja na laki mbili za watu zimekwenda. Nikituma, angalau kuna uwezekano. Nimeshaongea na jamaa mmoja wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, naweka kadi ya pikipiki bondi, nakomboa Januari. Nilichouliza ni kama kuna mtu amewahi kupokea mzigo baada ya kutuma, siyo kunihukumu.

Nanga ya Ukerewe: Lori lenyewe limekwama wapi?

Mvuvi Nchikavu: Kigongo. Linatokea Bukoba, lipo kwenye foleni ya kivuko.

Nanga ya Ukerewe: CHAI, uongo mtupu. Tena ya rangi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, gari linapita juu ya maji bila kusimama. Foleni ya kivuko ya wapi? Huyu yuko Buza, Dar, anatunga, hajawahi kuliona hata hilo ziwa.

Sato wa Foili: Hahaha! Nilishaanza kumhurumia. Mods, uhamisheni huu uzi jukwaa la hadithi.

Kiti cha Dirishani: Kama kweli upo Kirumba, taja daladala inayokupitisha Mabatini.

Mvuvi Nchikavu: Sitaji daladala mimi siyo mtoto. Kivuko wamekisema WAO, nimenakili meseji yao kama ilivyo!

Nanga ya Ukerewe: Kwa hiyo ulijua daraja lipo, ukasoma "foleni ya kivuko", ukaamini?

Mvuvi Nchikavu: Nilidhani labda lori ni zito, haliruhusiwi darajani.

Hesabu Kali: Malori ya kila aina yanapita pale. Mimi namwamini huyu, chai haiwi na utetezi mbovu hivi. Sikia mkuu: ukituma hela, jina lilitokea la nani?

Mvuvi Nchikavu: La kwanza la mwanaume. La pili la mama mmoja. Walisema ni mhasibu.

Hesabu Kali: Inawezekana huyo mama hata hajui kuna laini kwa jina lake. Piga huduma kwa wateja 100 sasa hivi, wape namba zote mbili na kumbukumbu za miamala. Kama kuna salio halijatolewa, waombe walizuie. Namba ziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Kesho mapema polisi ukatoe taarifa, uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, usifute meseji hata moja. Na wewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana hawa uliwatumia picha ya NIDA, au nakosea?

Mvuvi Nchikavu: Ya uwakala, ndiyo.

Bi Mkubwa Igoma: Na akina mama uwaambie leo.

Mvuvi Nchikavu: Kesho. Leo wamechoka.

Bi Mkubwa Igoma: Leo, mwanangu. Hela za mboga ya Krismasi wanazitegemea hapo.

Hesabu Kali: Na kadi ya pikipiki usimpelekee huyo mtu.

Mvuvi Nchikavu: Anayo. Anataka riba ya wiki ndipo airudishe.

Hesabu Kali: Riba ya nini wakati hela hujachukua?

Mvuvi Nchikavu: Nilichukua jana. Ipo kwenye simu, sijatuma.

Hesabu Kali: Irudishe usiku huu huu, lipa na hiyo riba. Halafu ndiyo upige 100.

Mvuvi Nchikavu: Riba naipata wapi?

Sato wa Foili: Si una laki ya makapu ishirini?