MREJESHO: Yule niliyebandika mishahara ya watu kwenye ChatGPT

Wakuu nimerudi. Kwa waliosahau, mimi ndo yule wa HR niliyeuliza kama nimeshajiharibia, nilibandika shiti nzima ya mishahara, majina, namba za NIDA, akaunti za benki, kwenye ChatGPT ya akaunti yangu binafsi eti inisaidie fomula ya Excel. Basi nikamfuata mtu wa IT kabla hajanifuata yeye, moyo unadunda. Hakufoka. Tukafuta yale maongezi, tukazima kwenye setingi pale panaporuhusu maongezi yako yatumike kufundishia modeli (yaani hiyo AI yenyewe), ila akasema kufuta sio kupotea palepale, kwenye seva zao inaweza kukaa mpaka siku 30. Hapo nikaishiwa pozi kabisa. Bosi kanipa barua ya onyo na simlaumu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina utani. Kinachoniuma ni kwamba fomula yenyewe ilikuwa VLOOKUP tu jamani, ile ya kutafuta kitu kwenye jedwali, haikuhitaji jina la mtu hata mmoja! Siku hizi naandika "Mfanyakazi A, mshahara 100" na jibu linakuja lilelile. Aliyenishauri niuchune, asante mkuu, ila usingizi ningeupata wapi?