Mwiko unaweza kwenda posta bila kufungwa?

Mama Achi, Kisumu
Wapendwa, binti yangu anasoma Ujerumani na ugali anausonga kwa kijiko cha plastiki kinachopinda. Nimemnunulia mwiko pale soko la Kibuye, mti mzito. Nataka uende hivyo hivyo: anwani kwenye bapa, stempu kando yake, kila mtu njiani aone ni mwiko. Shemeji anasema nitarudishwa kaunta. Kuna aliyewahi kutuma kitu bila kukifunga?

Kaunta ya Zamani, Nakuru
Mama Achi, usikate tamaa. Nimestaafu kaunta ya posta na jambo hili nalipenda sana. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu kitu cha kipande kimoja, mbao au chuma, ambacho kwa kawaida hakifungwi, kisafiri hivyo hivyo mradi anwani iwe juu yake chenyewe. Mwiko ni kipande kimoja cha mbao! Hata hivyo muulize karani kabla hujabandika chochote.

Pima kwanza. Ili uende kama barua, urefu usizidi sentimita 60. Urefu, upana na unene kwa jumla visizidi 90. Uzito usizidi kilo 2. Ile miiko ya kusongea ugali wa matanga hiyo ni kifurushi, bei nyingine.

Sasa gundi, maana hapa ndipo watu hupoteza vitu. Mti wenye mafuta haushiki stempu. Usiupake mafuta, binti atapaka mwenyewe akishaupata. Anwani iandike kwenye karatasi, ibandike kwa gundi ya mbao, kisha zungusha selotepu. Stempu usizifunike, lazima zigongwe muhuri. Anwani yako weka kwenye mpini. Fomu ya forodha, CN 22, itaje kitu chenyewe: mwiko wa mbao wa kupikia. Kuandika "zawadi" tu hakutoshi. Na mwiko usiwe na gome wala tundu la mdudu.

Mwalimu wa Vihiga
Mama, una wenzako. Mwingereza W. Reginald Bray alisoma mwongozo wa posta ya kwao mwaka 1898, akaanza kuwajaribu kwa kutuma vitu bila kuvifunga: tanipu (mboga ya mzizi) iliyochongwa anwani, fuvu la sungura, hata mbwa wake. Na kisiwani Molokai, Hawaii, posta ya Hoolehua inapokea nazi nzima tangu 1991, anwani ikiandikwa juu ya kumbi lenyewe.

Omogaka, Kisii
Sisi mkungu wa ndizi tunaupakia basi na namba ya simu tu. Utingo akiona ndizi anazishika kwa adabu. Tia kwenye gunia uone zitakavyorushwa.

Mama Achi, Kisumu
Asanteni jamani! Nimepima, sentimita 48. Mpini una tundu la kutundikia lenye kamba. Nifunge lebo hapo?

Kaunta ya Zamani, Nakuru
Hapana mama, toa hiyo kamba kabisa. Itanasa kwenye magunia ya barua na kung'oka na lebo yako. Kamba atatia binti huko huko.