Uzi wa mashine ya kufyekea, cc 43: nichukue wa unene wa mm 2.4, 2.7 au 3.0?

Mwandiga_Shambani (Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za kufyekea za kubeba begani.

Mashine ni ya kuchanganya petroli na oili, cc 43, shafti iliyonyooka, kichwa cha uzi cha kugonga chini (ukikigonga ardhini uzi unaongezeka) chenye nyuzi mbili. Kazi zake ni mbili. Kwanza, uwanja na kingo za njia, ukoka mtupu. Pili, visahani vya michikichi (duara linalopaliliwa kuzunguka kila shina) kwenye ekari 2, ambako mvua zikikolea nyasi hufika kiunoni na zimechanganyika na vijiti.

Uzi uliokuja na mashine umekwisha. Madukani mjini upo wa mviringo 2.4 na wa pembe nne 3.0, unapimiwa kwa mita au kwa kilo. Sasa hivi umefungwa ule wa 3.0 na unasumbua: unakatikia pale pale kwenye tundu, au unagandana ndani ya kichwa hadi ukigonga hautoki. Injini nayo inapumua kwa shida na inachemka.

Naomba kujua: unene upi unafaa, mviringo au pembe, na je, mshipi wa kuvulia samaki unaweza kutumika? Huku ziwani upo kila duka na bei yake ni nafuu. Wengine wanasema hata waya wa breki ya baiskeli unafaa.

---

Fundi_InjiniNdogo

Mkuu, anza na kichwa kabla ya injini. Kigeuze juu chini usome chini yake au ndani ya kifuniko, vingi vimeandikwa unene wa mwisho unaokubalika, kwa mfano 2.4 au 2.4–2.7. Kama maandishi yamefutika, chukua kipande cha uzi ukipitishe kwenye tundu la kutokea. Kinatakiwa kipite bila kusukumwa na kicheze kidogo. Kikibana, huo si uzi wa kichwa hicho, hata kama injini ingeuweza.

Kwa injini, makadirio ya mafundi wengi ni haya: cc 25 kwenda chini, 2.0 hadi 2.4. Kuanzia cc 30 hadi 45, 2.4 hadi 2.7. Mashine za cc 50 na kuendelea ndizo zinazobeba 3.0 kwa raha, na hata 3.3 kama kichwa chake ni kikubwa. Injini ya Honda GX35, ambayo ni ya cc 35.8 na haichanganywi oili, iache kwenye 2.4. Yako ya cc 43 inataka 2.4 kwa ukoka, na 2.7 kwa visahani kama kichwa kinaruhusu. Kubadilisha kila mara ni usumbufu, kwa hiyo ukitaka mmoja tu chukua 2.7.

Sasa kwa nini 3.0 inakutesa. Uzi mnene unakata upepo mwingi zaidi kabla haujagusa jani hata moja. Kutoka 2.4 kwenda 3.0 umeongeza upana unaopambana na hewa kwa robo nzima, na pembe nne inaongeza tena. Injini inashindwa kufika mwendo wake, klachi inateleza na kuchemka, na uzi ukizunguka taratibu haukati, unapiga. Ukoka uliopigwa utauona: ncha zinachanika na baada ya siku mbili zinageuka rangi ya kahawia.

Lakini kabla ya kulaumu unene peke yake, nijibu hili: kinga ya plastiki ipo, na kile kisu kidogo cha ukingoni kipo?

---

Mwandiga_Shambani (Kigoma)

Kinga ilitolewa kwa sababu nyasi ndefu zilikuwa zinajikusanya chini yake.

---

Fundi_InjiniNdogo

Hapo ndipo injini inapouawa, ndugu yangu. Kile kisu kazi yake ni kukata uzi ubaki na urefu unaolingana na nguvu ya mashine. Kikiwepo, uzi unafagia duara la takriban sm 42, yaani kama sm 15 za uzi nje ya kichwa kila upande. Bila kinga uzi unatoka kadiri unavyogonga, na mtu anafurahia kwamba anafyeka eneo pana.

Hesabu yake ni kali. Kwa mizunguko ile ile, nguvu inayoliwa na upepo hupanda kwa nusu kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka sm 21 kutoka katikati ya kichwa kwenda sm 28, unaiomba injini karibu mara 3 ya nguvu ya awali kwa ajili ya hewa peke yake. Hakuna cc 43 itakayotoa hiyo. Itashusha mizunguko na kuchemka kama unavyoona.

Rudisha kinga. Nyasi za kiunoni usizivamie chini kwa mkupuo mmoja. Shusha kwa tabaka: kwanza kata juu, halafu katikati, kisha shina. Zikikatwa vipande vifupi hazijifungi kwenye kichwa. Kinga pia ndiyo inayozuia mawe yasirudi kwenye miguu yako.

---

Bustani_Isevya (Tabora)

Niongezee la ukavu, maana huku kwetu Tabora ndilo linalosumbua kuliko yote, na hata huko Kigoma kiangazi cha Julai hadi Septemba linawakuta.

Uzi huu ni nailoni, na nailoni inaishi kwa maji. Ikiwa na unyevu ndani yake inapinda na kunyooka bila kuvunjika. Ikikauka inakuwa na tabia ya kioo, ukigusa ukingo wa simenti tu imekatika. Uzi uliokaa dukani juu ya rafu karibu na bati mwaka mzima unaweza kuwa mzuri wa kiwandani kabisa na bado ukakatika kila dakika. Kwa hiyo kabla ya kulaani aina ya uzi, uloweke. Weka bando lote, au spuli (kigurudumu cha ndani ya kichwa kinachozungushiwa uzi) ikiwa tayari imezungushwa, ndani ya ndoo ya maji kwa siku 1 hadi 2. Saa moja haitoshi, maji huingia taratibu sana kwenye uzi mnene. Ukitoa, futa maji ya juu, fanya kazi. Unaobaki uuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kivulini, na kitambaa chenye unyevu ndani.

Jua nalo linakula uzi. Ule unaoning'inizwa nje ya duka kama pambo, rangi imepauka, uache hapo hapo.

Kuhusu umbo: mviringo unadumu kuliko yote, hautoi kelele nyingi na unateleza vizuri ndani ya spuli. Kwa ukoka na kingo za njia hauna mpinzani. Pembe nne na ule wa nyota una makali yanayouma mashina ya magugu, ila makali hayo yanaisha mapema na ukishalika unabaki kuwa uzi wa kawaida ulionunua kwa bei kubwa. Kisha kwenye spuli pembe zinakamatana, ndiyo maana wako unagandana. Uliosokotwa uko katikati: hauvumi sana, unakata upepo kwa urahisi, na kwenye vijiti una nguvu. Kwa visahani vyako ningetafuta wa kusokotwa wa 2.7. Usipopatikana, mviringo wa 2.7.

Kwenye kununua kwa kilo, piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Nailoni imara ya mviringo ya 2.4 ina uzito wa gramu 5 na kidogo kwa mita, hivyo kilo moja ni kama mita 190. Ya 2.7 inatoa karibu mita 150, ya 3.0 karibu mita 125. Kama huna venia ya kupimia unene, zungusha uzi mara 10 kwenye kalamu, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha pima kwa rula. Milimita 24 ni 2.4, milimita 27 ni 2.7. Bando lililoandikwa 2.4 likitoa milimita 21, unajua la kufanya.

---

Mwandiga_Shambani (Kigoma)

Asanteni sana. Uzungushaji wenyewe ukoje? Huenda na hapo pana kosa. Na swali la mshipi bado.

---

Fundi_InjiniNdogo

Zima injini, vua kofia ya plagi. Kama unatoa kichwa chote, tafuta kitundu pembeni ya giaboksi, zungusha kichwa taratibu hadi kitundu hicho kilingane na cha bamba la ndani, chomeka ufunguo wa L. Nati za mashine nyingi za shafti iliyonyooka zinafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na ulivyozoea. Hapo ndipo watu wanapovunja nyuzi za skrubu za shafti kwa kulazimisha.

Fungua kifuniko, toa spuli na springi. Safisha vumbi na mabaki yaliyoyeyuka. Pitisha kidole kwenye vibushi vya chuma vya matundu ya kutokea. Vikiwa vimelika na kuwa na mfereji wenye makali, vitakata uzi wowote utakaoweka, wa bei yoyote. Badilisha vibushi, au kichwa kizima kama havitoki.

Kata mita 5 za 2.7 (kwa 2.4 unaweza kufika mita 6 kama kichwa ni kikubwa). Ukunje katikati, mkunjo uukalishe kwenye pengo la ukuta unaogawa spuli. Kila nusu inakaa chumba chake. Fuata mshale uliochorwa kwenye spuli. Zungusha ukiwa umekaza, mistari ikae kando kwa kando, tabaka juu ya tabaka, bila kuvukana. Kuvukana ndiko kunakogandisha: uzi wa juu unajibana katikati ya wa chini, mtetemo unavisugua, joto linaviyeyusha vikawa kitu kimoja. Ukizungusha kwa ulegevu inatokea hivyo hivyo. Usijaze hadi ukingoni, acha milimita kadhaa.

Bakiza sm 15 kila upande, zibane kwenye vipengo vya spuli, pitisha kwenye vibushi, rudisha springi, funga. Vuta ncha zote mbili kwa pamoja hadi zichomoke kwenye vipengo. Kabla ya kuwasha, bonyeza kitufe cha chini huku ukivuta uzi: usipotoka kwa mkono hautatoka kwa injini.

Kugonga kunafanyika injini ikiwa na mwendo wa kasi, mguso mfupi kwenye ardhi laini, kisha inua. Ukisubiri hadi nje zibaki sm 3 au 4, uzi unakosa uzito wa kujivuta na utagonga bure. Na usiburuze kitufe chini muda wote, kinalika na joto lake linapanda kwenye spuli.

Upande mmoja ukikatika, simamisha kazi urekebishe. Kichwa chenye uzi mmoja kinatetemeka, na mtetemo huo unaishia kwenye beringi za giaboksi.

---

Mzee_wa_Mawese (Ujiji)

Wanangu, mshipi achaneni nao. Mshipi ni nailoni kweli, lakini umevutwa sana kiwandani ili uhimili kuvutwa na samaki. Haukutengenezwa kupigwa kwenye mashina maelfu ya mara kwa dakika. Ncha yake inachanika nyuzinyuzi na kuisha haraka, na mwingi ni mwembamba kuliko 2.0, hivyo unajizika katikati ya matabaka ya spuli na kukwama.

Waya wa breki, waya wa kufungia nondo, mnyororo: hapana kabisa. Ncha ya uzi inakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kipande cha waya kikikatika kwa mwendo huo kinapenya nguo na mwili, na kinga ya plastiki haikisimamishi. Hata kwa uzi wa kawaida, watu na mifugo wakae mita 15 mbali, na wewe uvae miwani, buti na suruali nzito.

Sasa michikichi. Miche ambayo shina bado halijajijenga, uzi usikaribie. Unachuna msingi wa makuti na shina, na fukusi wa michikichi wanafuata majeraha mabichi kutaga mayai. Palilia kwa jembe au kwa mkono sm 30 hadi 40 za mwanzo kuzunguka mche, mashine ianzie hapo kwenda nje. Kwenye michikichi mikubwa uzi ni mzuri kuliko kisu cha chuma, kwa sababu hauchimbi mizizi iliyo juu juu.

Vijiti vilivyokomaa vinene kuliko kalamu, usivilazimishie uzi. Funga kisu cha chuma uvipitie mara moja, kisha rudi na uzi kwa matunzo ya kila mwezi. Na kama unakata mabingobingo ya kulisha ng'ombe, tumia kisu tu. Uzi unaacha vipande vya plastiki kwenye majani, navyo vinaishia tumboni mwa ng'ombe.

---

Mwandiga_Shambani (Kigoma)

Nimewaelewa, shikamoo mzee. Kichwa kimeandikwa 2.4–2.7, na vibushi vina mfereji kweli. Kichwa kipya cha kununua niangalie nini ili kifunge?

---

Fundi_InjiniNdogo

Nenda dukani na mashine yenyewe. Mashine nyingi za aina yako zinatumia skrubu ya M10 x 1.25 ya kushoto (kipenyo mm 10, nafasi kati ya nyuzi zake mm 1.25, inakazwa kinyume cha saa), ila zipo za M8 na M12, kwa macho tu utadanganyika. Kifungie kichwa kipya kwa vidole kwenye shafti: kikiingia mizunguko mitatu bila kukaza, ndicho hicho. Kisha angalia vibushi viwe vya chuma, si plastiki tupu, na kama kipo cha kupitisha uzi moja kwa moja na kuzungusha kwa kitasa bila kufungua kifuniko, lipa hiyo nyongeza.