Roboti imebeba kazi nyepesi, sisi vijana tumeachiwa matusi

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nipo huduma kwa wateja, mwaka wa pili huu. Nilipoanza, simu nyingi zilikuwa za mtu kasahau nywila au anauliza salio. Dakika moja umemaliza, unavuta pumzi. Na ndiko tulikojifunzia kazi: unababaika kwenye swali dogo, dada wa meza ya pili anakunong'oneza jibu, kesho unalijua.

Sasa hizo zote zinajibiwa na roboti. Kwangu anafika mtu aliyezungushwa "bonyeza moja, bonyeza mbili" mpaka damu imemchemka, kwa hiyo "haloo" yangu inapokelewa na tusi. Akikata huyu, anaingia mwingine wa aina hiyohiyo, hadi jioni. Mshahara uleule. Eti teknolojia imetupunguzia kazi!

Halafu kuna programu inayosikiliza sauti na kutoa alama za huruma. Juzi mama mmoja alitaka kufunga akaunti ya marehemu mumewe, akaanza kulia. Nikanyamaza ili apumue. Skrini ikawaka njano: "Ukimya umezidi. Onyesha huruma." Alama zikakatwa. Nimemfuata msimamizi, anasema hata yeye hajui inavyokokotoa, analetewa ripoti tu. Sasa bosi wetu ni nani?

Na msiniambie ndiyo maendeleo. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alikuwa akiwapima kasi wafanyakazi wa kiwandani kwa saa tangu karne ya 19; ila yule mwenye saa alikuwa binadamu, angalau alikwenda kula. Tena mambo haya yanazuilika wakitaka. California walipitisha sheria mwaka 2021: mwenye ghala kubwa lazima ampe mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachodaiwa, na kiwango hicho kisimnyime mapumziko wala kwenda chooni. Chooni, jamani! Imebidi kutungiwa sheria.

Kilichonileta hapa ni barua pepe ya leo asubuhi. Rekodi za "simu bora" zitatumika kufundishia toleo jipya la roboti, na zangu 14 zimechaguliwa. Nimepewa hongera. Senti ya ziada hakuna, na ruhusa hawakuomba, wanasema ipo kwenye mkataba niliosaini siku ya kwanza nikiwa na njaa ya kazi.

Kuna aliyewahi kukataa rekodi zake zisitumike na bado yupo kazini? Uliwaandikiaje?