Naomba ushauri: kupanda mboga pwani kwa maji ya kisima chenye chumvi

Bustani_Jambiani
Assalamu alaikum ndugu wanajukwaa. Bustani yetu iko karibu na ufukwe, na maji ya kisima yana chumvi kiasi kwamba mchicha huungua ncha za majani na kudumaa hata ukitiwa samadi. Lakini mboga pwani, ile yenye mashina mekundu na maua madogo ya waridi, imetambaa yenyewe nje ya ua na kustawi. Je, naweza kuipanda matutani na kuimwagilia maji hayo hayo? Na je, ni salama kwa mama yangu, ambaye ana shinikizo la damu?

Mkulima_Pangani
Waalaikumu salaam. Inawezekana kabisa, wala huhitaji mbegu. Kata vipande vya shina vyenye vifundo kadhaa, ondoa majani ya chini, kisha fukia vifundo viwili mchangani, kwa kuwa mizizi hutoka hapo hapo kwenye kifundo. Mwagilia maji matamu hadi vishike, ndipo uanze kuchanganya ya kisima. Mmea huu huvuta chumvi na kuihifadhi ndani ya majani yake manene, ila hustawi zaidi chumvi ikiwa pungufu ya ile ya bahari, ambayo ni takriban gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo maji ya kisima huenda yakaufaa kuliko ya bahari yenyewe. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yapenye chini, kwani kunyunyiza kidogo kidogo huacha chumvi ikiganda juu ya tuta, na utaiona ukoko mweupe jua likipanda.

Mpishi_Tanga
Kuhusu mama, ndugu yangu, tafadhali uwe mwangalifu sana. Chumvi iliyomo ndani ya jani haiondoki kwa kuoshwa. Chemsha majani, mwaga maji yake, yakamue, ndipo uyaunge kwa tui la nazi na ndimu bila kuongeza chumvi yoyote. Kuchemsha hupunguza pia oksaleti, kemikali ya asili iliyomo majanini, ambayo haiwafai wenye mawe ya figo. Hata hivyo chumvi nyingine hubaki, kwa hiyo mama asile kabla ya kumwuliza daktari wake.

Mkaazi_Mtwapa
Naongeza: usichume karibu na mifereji ya maji machafu, kwa sababu mmea huu hufyonza madini mazito yenye sumu kama risasi na kadimiamu.

Bustani_Jambiani
Ahsanteni sana. Nivune vipi ili isife?

Mkulima_Pangani
Kata ncha changa tu na uache shina lililoshika ardhi; litachipua pembeni.