Ushauri: hadithi gani zitawakinga wanakikoba wangu na matapeli wa simu?

KatibuMbagala
Habari za jioni wadau. Mimi ni katibu wa kikoba, wengi wetu ni mama ntilie na wauza mboga. Kila kikao nasoma tangazo lile lile: usimpe mtu namba yako ya siri. Wanaitikia "tumesikiaaa", halafu mtu analizwa. Juzi mmoja kapigiwa na "mwalimu": mwanao kaanguka shuleni, tuko hospitali, daktari anasubiri hela. Namba ya siri hakuulizwa kabisa! Katuma mwenyewe, na tangazo langu kalikariri. Nataka niache matangazo, nilete hadithi au kaigizo kafupi. Naanzia wapi?

Babu wa Pwani
Anza na Abunuwasi. Kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kisufuria ndani: "Ilikuwa na mimba, imezaa." Jirani kapokea vyote bila neno. Kaazima tena, safari hii hakurudisha: "Imekufa." Ukifika hapo usifafanue kitu, uliza tu: jirani katapeliwa siku gani? Waache wabishane mpaka mmoja aseme ni siku ile sufuria ilipozaa. Wenye umri wataikumbuka DECI wenyewe, ule upatu wa kupanda hela kama mbegu uliosimamishwa 2009. Waliovuna mwanzoni ndio walioenda kuwaita ndugu zao.

Mtu Chake
Babu, shikamoo, ila napinga kidogo. Hadithi zetu zinamshangilia mjanja. Abunuwasi, Sungura, wote mashujaa. Wa kuchekwa ni Fisi. Ndiyo maana mtu akipigwa anaficha, hataki kuitwa Fisi. Katibu, kwenye igizo lako anayelizwa awe mwenye akili kuliko wote pale, siyo yule mshamba wa vichekesho.

KatibuMbagala
Hapo umenena. Yule mama alinyamaza, habari tumezipata kwa binti yake.

Wakala_Kona
Babu, marahaba yako sijaisikia 😀

Mimi ni wakala. Mtu aliyebanwa na tapeli namjua akiwa bado mlangoni: simu haibanduki sikioni, kaambiwa asikate, salamu haitikii, jasho linamtoka. Igizeni hilo. Mmoja tapeli, mmoja mama, mmoja wakala. Tapeli mpe maneno matatu tu: jina la mtoto, "fanya haraka", "usikate simu". Hela ikikaribia kutoka, simamisha igizo, kila mmoja aseme kwa sauti yake angejibu nini. Mfano: "Nakata, nampigia mwalimu mkuu kwa namba niliyonayo." Waliseme hasa, wasiishie kutikisa kichwa. Mdomo ukishazoea, siku ya kiwewe hautafuti maneno. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", wafundishe kuzipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Babu wa Pwani
Marahaba wajukuu. Hoja ya Fisi naikubali, lakini sufuria siiachi.

KatibuMbagala
Sufuria inabaki, Babu, itafungua kikao. Mweka hazina atakuwa tapeli, ana sauti ya kiualimu haswa. Swali la mwisho: yule mama nimwombe aigize yaliyomkuta, au nitamtonesha kidonda?

Mtu Chake
Usimwombe mbele za watu, mfuate pembeni. Akikubali, mweka hazina ampishe: mama ndiye awe tapeli. Maneno yote anayo.