Treni za milimani Uswisi mwezi wa kwanza tukiwa na watoto, pasi gani inatufaa sisi wa huku Uganda?

mama_wawili_Ntinda

Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupanda zile treni za milimani Uswisi wakati wa baridi, au hata kama una ndugu kule anazijua. Shemeji yangu anakaa Zürich, katualika mwezi wa kwanza kabla shule hazijafunguliwa, baba watoto tayari kapewa likizo, kwa hiyo tunaenda wanne, mimi na yeye na watoto, mmoja ana miaka 8 mwingine 13. Pa kulala si shida, chakula tutapika kwa shemeji, shida ni hizo treni. Huyu mdogo aliona video ya treni nyekundu kwenye theluji, inazunguka juu ya daraja mpaka inapita chini ya reli yake yenyewe, basi tangu siku hiyo nyumbani hatupumui.

Sasa shemeji anasema tununue Interrail, ile pasi ya treni za Ulaya. Dada mmoja kazini anasema hapana, Swiss Travel Pass, ya Uswisi peke yake. Kuna ajenti wa safari hapa mjini katupa bei moja ya jumla, nikamwambia bana tuvunjie tuone treni ni ngapi na hoteli ni ngapi, hakutaka, nikaona hapa napigwa. Nataka tujipangie wenyewe. Ipi ndiyo pasi ya kweli kwa sisi? Na lazima kununua viti mapema? Na hiyo baridi, watoto wangu hata Kabale tu, milimani kwetu, wanatetemeka.

mganda_wa_baridi

Dada karibu. Nasoma huku, hizo reli nazijua kiasi. Shemeji yako hana kosa ila anaongea kama mkazi. Interrail ni ya watu wanaoishi Ulaya, nyinyi mnaotoka Kampala yenu inaitwa Eurail, karibu ni kitu kilekile ila mlango tofauti. Na Swiss Travel Pass nayo ni kinyume, ni ya wageni tu, yeye mkazi wa Zürich hawezi kuinunua, mkisafiri naye ajitegemee na kadi yake.

Kwenu nyinyi angalia umri wa watoto kwanza kabla ya kitu kingine. Eurail mtoto anasafiri bure na mzazi mpaka miaka 11, akifika 12 anahesabiwa kijana na analipa pasi yake. Kwa hiyo huyo wako wa 13 analipiwa. Swiss Travel Pass mkinunua wazazi mnaomba Swiss Family Card, ni ya bure, watoto wa miaka 6 mpaka 15 wanapanda bila kulipa wakiwa na nyinyi. Wote wawili wameingia. Kama hamtoki nje ya Uswisi, Eurail isahau, hiyo ni ya mtu anayeanza Amsterdam anamaliza Roma.

Treni ya huyo mdogo ni Bernina, na daraja la kuzunguka liko Brusio, karibu kabisa na mpaka wa Italia. Reli inaanzia St. Moritz, inapanda mpaka Ospizio Bernina mita 2,253, halafu inashuka mpaka Tirano kwenye mita 400 na kitu, yote hiyo bila reli ya meno katikati, magurudumu tu kwenye mteremko wa hadi asilimia 7. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 2008 pamoja na ile ya Albula inayotoka Thusis.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ajenti hatakwambia. Bernina Express ndiyo ina madirisha makubwa mpaka kwenye paa, na hata ukiwa na pasi lazima ulipie kiti kando. Lakini kwenye reli hiyohiyo kuna treni za kawaida za kampuni hiyohiyo, karibu kila saa, daraja lilelile, theluji ileile, na hizo hakuna cha kuweka nafasi, unapanda tu. Unaweza ukashuka stesheni ya Alp Grüm ukanywa chai ukiangalia barafu mlimani halafu ukapanda inayofuata. Kwenye Express hushuki ovyo. Na yale madirisha makubwa hayafunguki, kila picha unajiona mwenyewe na koti lako kwenye kioo. Za kawaida baadhi ya mabehewa bado yana dirisha la kushusha, mtoto anatoa simu nje sekunde tano anarudi ndani pua nyekundu.

hesabu_kwanza

Mimi sikubaliani na jirani hapo juu, au tuseme nakubali nusu. Watu wakisikia pasi wanadhani ni lazima. Swiss Travel Pass ya siku 3 daraja la pili inapita faranga 240 kwa mtu mzima mmoja, na siku zinahesabiwa mfululizo, ukianza Jumatatu Jumatano imekwisha hata kama Jumanne mmelala kwa shemeji mnaangalia mpira. Kuna inayoitwa Flex unachagua siku zako ndani ya mwezi, ila inazidi bei kidogo.

Dada umesema mnalala Zürich nyumbani kwa ndugu. Mtu wa hivyo hazunguki kila siku. Angalia Swiss Half Fare Card, ni ya mwezi mzima, treni na mabasi karibu yote unalipa nusu nauli, na ile Family Card ya watoto inakuja nayo pia. Kama mna safari kubwa mbili tu na zingine ni kwenda mjini na kurudi, hiyo inaweza kuwashinda wote. Kaa na baba watoto na karatasi, fungua tovuti ya reli ya SBB, andika kila safari mnayotaka kweli, siyo mnayoota, weka nauli kamili, gawa kwa mbili, ongeza bei ya kadi, halafu linganisha na pasi. Ni kazi ya nusu saa.

Na mkishawishiwa kwenda Jungfraujoch, ile stesheni ya mita 3,454, jueni Swiss Travel Pass inawafikisha bure Grindelwald au Wengen tu, kutoka hapo juu mnapata punguzo la asilimia 25 na kinachobaki bado kinauma. Ukiamka kuna mawingu pesa imekwenda, angalieni kamera zao kwenye mtandao asubuhi ndiyo mlipe.

mama_wawili_Ntinda

Jamani asanteni sana, kumbe kuna mengi hivi. Hii ya umri wa mtoto hakuna aliyenitajia, hata ajenti. Swali lingine, tunaweza kwenda hiyo Bernina na kurudi siku moja kutoka Zürich? Na Glacier Express je, nasikia ndiyo yenyewe.

mganda_wa_baridi

Kwenda na kurudi siku moja inawezekana kwenye ratiba lakini kwa mtoto wa miaka 8 ni adhabu. Zürich mpaka Chur saa moja na robo hivi, Chur mpaka St. Moritz masaa mawili, halafu mpaka Tirano zaidi ya mawili tena. Mwezi wa kwanza jua linatoka kama saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni limeshazama, bondeni kivuli cha mlima kinawahi zaidi. Ukirudi usiku unarudi na dirisha jeusi, umelipa kuangalia uso wako. Lala usiku mmoja njiani, siyo St. Moritz maana kule bei ni za matajiri, tafuta Chur au hata Tirano yenyewe, ni Italia, pizza nzuri na vitanda nafuu. Viza ya Schengen ni moja, Uswisi wamo ingawa siyo Umoja wa Ulaya, pasipoti tembeeni nazo tu. Pasi yenu inafika mpaka Tirano, haivuki hapo.

Kutoka Chur kwenda Tirano kaeni upande wa kulia. Kulia ndiyo utaona daraja la Landwasser, mita 65 kwenda chini na treni inatoka darajani inaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa mwamba, na baadaye ziwa Lago Bianco, ambalo mwezi huo ni uwanja mweupe tu hujui maji yako wapi.

Glacier Express ni masaa 8 kutoka Zermatt mpaka St. Moritz. Nzuri sana kwa wazee wenye divai. Kwa huyo mdogo wako baada ya saa ya tatu atakuwa anauliza tunafika lini. Badala yake shukeni Bergün, kati ya Chur na St. Moritz, kodisheni sleji, kile kiti cha kutelezea kwenye theluji, pandeni treni mpaka Preda, halafu mshuke kwa sleji kilomita 6 kwenye barabara ya magari ambayo wakati wa baridi inafungwa inakuwa ya sleji tu. Mkifika chini mnapanda treni tena mnarudia. Angalieni kwanza kama theluji inatosha, wanatangaza. Watoto watasahau hata video.

afande_mstaafu

Habari za humu vijana. Mimi nimekulia Kasese, reli ilifika pale 1956, na enzi hizo treni ya abiria ilikuwa inakuja kweli. Nawasoma mnavyosifu mita 2,253 nacheka kidogo. Reli yetu hii ya Uganda ikitoka Nakuru kwenda Eldoret inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na hakuna aliyetuuzia pasi. Tofauti ni kwamba wao yao wameitunza inapita kila saa na sisi tunashangilia ya Kampala kwenda Namanve. Haya endeleeni.

Mama, watoto wavae vitu vyembamba vingi, siyo koti moja zito. Ndani ya behewa kuna joto, mtoto anatoka jasho, akishuka na fulana imelowa ndipo ugonjwa unaingia.

dada_wa_mivumba

Afande umenimaliza 😂 

Mama wawili usinunue koti Zürich nakuomba. Nenda soko la Owino hapa Kampala asubuhi marobota yanapofunguliwa, uliza makoti ya theluji, yale ya watoto ya kuteleza yenye suruali zake. Wauzaji wengi hawana wa kumuuzia maana nani anavaa hayo Kampala, kwa hiyo bei unaivunja mpaka chini. Kagua zipu na ukosi, pitisha kidole kwenye mishono, ikitoa manyoya achana nayo. Glovu za sufi hapana, zikigusa theluji zimelowa, tafuta za nailoni. Viatu ndiyo vigumu kupata saizi, hivyo mwambie shemeji aazime kwa majirani, wazungu watoto wao wakikua viatu vinabaki stoo. Usiku kule juu Engadin, bonde la St. Moritz, inafika nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, siyo Kabale hiyo.

hesabu_kwanza

Na viza anzeni sasa, maombi yanaruhusiwa miezi 6 kabla ya safari na siyo chini ya siku 15. Ada ni euro 90 mtu mzima, mtoto wa 8 ni 45, huyo wa 13 analipa kama nyinyi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu kwa kila mmoja. Tiketi za treni msinunue kabla viza haijatoka, kiti cha Express ndiyo mnaweza kukosa, behewa la kawaida hukosi.

mama_wawili_Ntinda

Banange, asanteni wote, jana usiku tumekaa na karatasi kama mlivyosema. Imetoka hivi, Half Fare kwa sisi wawili, watoto Family Card, treni za kawaida tu, usiku mmoja Tirano na usiku mmoja Bergün kwa ajili ya hiyo sleji. Baba watoto bado anang'ang'ania Express kwenda tu, kurudi ya kawaida, nimemwambia hiyo pesa ya kiti atoe mfukoni kwake. Dada wa mivumba, upande gani wa Owino hayo makoti? Jumamosi niko huko.

dada_wa_mivumba

Ukiingia kwa lango la upande wa stediamu ya Nakivubo uliza tu "makoti ya baridi", watakupeleka wenyewe. Vaa viatu vya kufunika, jana kulinyesha.